Kinu kimoja, michi miwili: sauti ya dijitali kwenye simu ya upepo

Hotuba iliyotolewa Shangani, Mtwara, mbele ya vijana wa ufundi, walimu na wavuvi. Msemaji ameiandika upya mwenyewe.

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo sitataja vyeo. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu na wanangu, hamjambo. Walionialika wamenipa dakika 40. Mtu wa redio ukimpa kipaza sauti kuna hatari asikirudishe, basi mkiona narefusha pigeni makofi, nitaelewa.

Nianze na jina. Sisi tunaitwa watu wa redio ya ridhaa. Ndondi za ridhaa mnazijua: bondia anapanda ulingoni, anakula ngumi za kweli, akishuka halipwi kitu. Ndivyo tulivyo. Mitambo tunanunua kwa pesa yetu, juu ya paa tunapanda wenyewe kufunga antena, usiku tunakesha, na kulipwa kwa kazi hiyo sheria haituruhusu. Wazee waliowahi kufanya kazi bandarini au misheni wanaifahamu redio ya namna hii kwa jina la simu ya upepo. Jina hilo nalipenda kuliko mengine yote. Hakuna waya, hakuna nguzo: unasema, upepo unachukua.

Leo nimeombwa niseme juu ya sauti ya dijitali, yaani redio inayogeuza maneno yako kuwa namba kabla ya kuyarusha. Vijana wengi hapa wameshaziona redio hizo madukani na wameshaambiwa kuwa ukiwa nayo unaongea na Japani ukiwa umelala kitandani. Ni kweli, unaongea. Lakini ninyi ni mafundi, na fundi hanunui furushi bila kulifungua. Humo ndani mna vitu viwili. Cha kwanza ni namna ya kuipakia sauti ili ipite kwenye nafasi ndogo. Hicho ni redio, tena redio ya akili sana. Cha pili ni njia ya kuisafirisha mpaka Japani, na mara nyingi hicho ni intaneti iliyovaa kanzu ya redio. Mimi mwenyewe nilikaa nalo furushi hilo miaka bila kulifungua, mpaka likanifungukia lenyewe.

Ilikuwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4, na mvua yake ikashuka huku kwetu. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, abiria wakalala njiani. Kukatikiwa barabara hakutushangazi sana watu wa kusini. Wenye umri wangu tunakumbuka safari zilivyokuwa kabla daraja la Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, foleni ya kivuko pale Ndundu, mkungu wa ndizi ukiivia garini. Sasa hazijapita siku kumi, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu. Mnakumbuka siku zile. Simu zilikuwepo mikononi, lakini picha hazifunguki, ujumbe unazunguka tu.

Wakati huo nilikuwa na kisanduku changu kidogo, sisi tunakiita hotispoti. Si ile ya kugawa bando. Hii ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyobandikwa kibao cha redio chenye nguvu ya kiasi cha milwati 10. Redio ya mkononi inaongea na kisanduku, kisanduku kinaongea na intaneti. Kila jioni baada ya kula nilikuwa naketi barazani, nabonyeza, nasalimiana na mtu wa Uingereza, mwingine wa Brazili. Majirani wananiona mtu mkubwa, na mimi sikuwakatalia.

Jioni ile nikabonyeza. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nikachukua tochi, na miaka yangu hii, nikapanda juu ya paa kukagua antena, antena ambayo haikuhusika hata chembe, maana hotispoti ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka kilipo kiti changu. Niliposhuka mama watoto akaniuliza, kwa upole kabisa: "Baba Salma, kwani hiyo redio yako inatumia bando?"

Sikumjibu. Jibu lenyewe ni kwamba redio yangu ilikuwa inasafirisha sauti mita mbili, na kilomita elfu kadhaa zilizobaki zilikuwa mikononi mwa nyaya zilizokatika. Nikaenda ndani, nikafunua ile redio kubwa ya zamani iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha meza, nikaiwasha kwenye mita 40, moja ya bendi zetu za masafa mafupi. Haikuchukua muda, nikamsikia mtu wa Afrika Kusini, sauti inapanda na kushuka kama mashua kwenye kusi. Nikamwita, akaitika. Hapakuwa na nyaya kati yetu.

Sisemi hotispoti ni takataka. Bado ninayo na jioni nyingi bado naitumia. Inamfaa mtu wa mjini asiye na nafasi ya antena, inamfaa mwanafunzi anayetaka kuzoea kuongea. Nataka tu ujue unanunua nini.

Sasa tuifungue sehemu ya kwanza, ile ya kupakia, maana humo ndimo kwenye utamu.

Sauti ya simu ya mezani ikigeuzwa namba kwa njia ya kawaida hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, yaani alama nane za 0 au 1. Zidisha upate biti 64,000 kwa sekunde. Huo ni mzigo wa lori, na njia yetu hewani ni njia ya baiskeli. Tufanyeje? Chukua mfano wa fundi cherehani. Unataka mjukuu wako aliyeko Tabora avae kanzu kama ya babu yake. Unaweza kuifunga kanzu yenyewe ukaipeleka kwa basi. Au unaweza kumpigia simu fundi wa Tabora ukamtajia vipimo: mabega, kifua, mkono, urefu. Kitambaa anacho, cherehani anayo, atashona.

Kodeki, yaani programu inayoipakia sauti, hufanya hilo la pili. Kila milisekunde 20 inakukagua koo na mdomo na kuandika vipimo: koo linatetema au ni pumzi tu inapita, sauti iko juu au chini, mdomo umeumbika vipi. Kinachorushwa ni vipimo hivyo. Upande wa pili yuko fundi anayeshona upya. Kwa hiyo ukinisikia kwenye redio ya dijitali, si sauti yangu unayoisikia. Ni kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya sauti yangu. Ndiyo maana wengine husema tunasikika kama majini wenye mafua.

Wazo hili si la jana. Homer Dudley wa maabara za Bell, Marekani, alilifanyia kazi miaka ya 1930. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Wamarekani walijenga mtambo wa viongozi wao na wa Uingereza kuongelea siri, wakauita SIGSALY, ukaanza kazi mwaka 1943. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50. Leo fundi yuleyule amekaa ndani ya chipu ambayo ikidondoka kwenye mchanga wa Msimbati huioni tena.

Na amebana matumizi ajabu. Redio ya DMR, ambayo nitaieleza sasa hivi, inaisema sauti yako kwa biti 2,450 kwa sekunde, kisha inaongeza biti 1,150 za kujihami: kama mwenye duka anayeandika deni kwenye daftari mbili, panya akitafuna moja, nyingine ipo. Kuna kodeki nyingine iitwayo Codec 2, ya David Rowe wa Australia, ambayo inaweza kushuka hadi biti 700 kwa sekunde. Ujumbe mmoja wa simu uliojaa herufi zake 160 ni biti 1,120. Yaani sekunde nzima ya mtu kuongea inachukua nafasi ndogo kuliko meseji moja ya "nitumie hela ya kutolea". Mimi hili nilipolipigia hesabu mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Haya, DMR, kifupi cha Digital Mobile Radio. Hii ndiyo mtakayokutana nayo zaidi, kwa sababu redio zake ni za bei nafuu kuliko wenzake. Kanuni zake zilitolewa na ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, mwaka 2005, na hazikuandikwa kwa ajili yetu. Ziliandikwa kwa ajili ya walinzi, migodi, bandari. Watu wa ridhaa wakadandia.

Kinachonifurahisha kwenye DMR ni zamu. Mama zangu mlioko hapa, mmewahi kutwanga watu wawili kinu kimoja? Mmoja anapandisha mchi, mwenzake anashusha, tu-tu, tu-tu, wala michi haigongani, na unga unaiva haraka. DMR ni hivyohivyo. Nafasi moja ya kilohezi 12.5 inagawanywa kwa zamu za milisekunde 30. Redio yako inarusha kwenye zamu ya kwanza, inanyamaza kwenye ya pili, na katika ukimya huo watu wengine wanarusha mazungumzo yao. Masikio hayatambui kwa sababu fundi anashona bila kuacha pengo. Mazungumzo mawili kwenye njia iliyokuwa ya mazungumzo moja. Na kwa kuwa redio yako inarusha nusu ya muda tu, betri inapata kupumua, jambo ambalo mtu wa kijijini anayechaji kwa sola atalishukuru.

Mengine kwenye DMR ni usumbufu. Kuna kitu wanakiita msimbo wa rangi. Hakuna rangi yoyote, ni namba tu, kuanzia 0 hadi 15, na redio mbili zisipokuwa na namba inayofanana hazifunguliani mlango hata zikiwa zimekaa meza moja. Mimi nilikaa wiki mbili nikimlaumu muuzaji kuwa kaniuzia redio mbovu, kumbe niliandika 7 mahali pa 1. Mwandiko wangu mwenyewe. Kuna makundi ya maongezi, kila kundi lina namba yake kama baraza lilivyo na watu wake. Ukikaa baraza lisilo lako husikii kitu. Na kila mtu ana namba yake ya utambulisho, tarakimu saba, ambayo kwa Mtanzania huanza na 640. Hiyo 640 si ngeni, ndiyo namba ya nchi yetu kwenye laini za simu pia. Vyote hivi vinaandikwa kwenye faili moja la mipangilio kwa kompyuta, na mtu akikupa faili lake tayari, mshukuru, halafu ulifungue ulisome mstari kwa mstari. Usibebe tu.

Wako ndugu wengine. D-STAR ya Wajapani, iliyotokana na chama chao cha redio ya ridhaa na kutangazwa mwaka 2001, ni nyembamba kuliko zote hizi za dukani, kilohezi 6.25. Kampuni ya Yaesu wakaja na Fusion yao mwaka 2013. Mwaka 2019 vijana wa Poland wakaanzisha M17, jina walilolitoa kwenye anwani ya klabu yao pale Warsaw, mtaa wa Mokotowska namba 17. M17 naipenda kwa sababu inatumia ile Codec 2, ambayo iko wazi: unaweza kuisoma, kuibadilisha, kumfundishia mwanafunzi. Kodeki ya D-STAR, DMR na Fusion ni mali ya kampuni moja ya Marekani, chipu yake unanunua na ndani hukaribishwi. Kwa mtu wa ridhaa, ambaye kazi yake ni kufungua vitu, hiyo ni sawa na kuuziwa cherehani iliyofungwa kofuli.

Na ndugu hawa hawasikilizani! D-STAR akiita, DMR anasikia makelele tu. Ni kama mnadani Masasi enzi za mababu: huyu anasema Kimakua, yule Kiyao, huyu kateremka na Kimakonde chake. Walielewana kwa nini? Kwa Kiswahili. Sasa kwenye redio Kiswahili chetu ni FM ya kawaida, ile ya analogia, isiyogeuza sauti kuwa namba. Kila redio ya dijitali ya mkononi niliyowahi kuishika inaijua FM pia. Kwa hiyo nawaomba, kwenye redio zenu mtakazopanga, nafasi ya kwanza kabisa iwe FM. Siku ya shida hakuna atakayekuwa na muda wa kuuliza msimbo wa rangi.

Nimesema siku ya shida, basi niseme tabia moja ya dijitali inayowaponza wageni. Kwenye FM, ukienda mbali, sauti inafifia polepole na makelele yanaongezeka, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Unaona giza linakuja, unapata nafasi ya kusema "nakupoteza, rudia". Dijitali haifanyi hivyo. Inakuwa safi, safi, safi, halafu inakatika, kama Luku iliyoisha uniti. Dakika moja kabla hukujua. Kwenye ukingo wenyewe utasikia silabi mbilimbili, kama mtu anayeongea huku anatafuna ming'oko ya moto, kisha basi. Na wawili wakibonyeza kwa pamoja kwenye zamu moja, mara nyingi hakuna anayeeleweka. Marubani mpaka leo wanatumia AM, teknolojia ya kale kabisa, na sababu moja nzuri ya kuikumbatia ni hiyo: wawili wakigongana, unasikia kwamba wamegongana.

Jambo jingine ni kelele za pembeni. Yule fundi cherehani anajua kupima binadamu tu. Ukimletea injini ya mashua, atajaribu kuishonea kanzu. Niliwahi kubonyeza redio ya dijitali ndani ya boti ya kwenda Msanga Mkuu, mwenzangu wa nchi kavu akaniambia alichosikia ni kama bata wanagombana ndani ya debe. Ukiwa kwenye upepo au kelele, geuka uupe upepo mgongo, weka kipaza sauti karibu na mdomo lakini pembeni kidogo, sema kwa sauti yako ya kawaida. Kupiga kelele kunaharibu vipimo. Halafu ukishabonyeza, hesabu moja kimoyomoyo ndipo useme, maana mitambo ya kati inahitaji kuamka. Na namba, jamani, semeni tarakimu mojamoja na mrudie. Kiswahili chetu kina mtego: sita na tisa ni herufi zilezile, s na t tu zimebadilishana nafasi. Silabi moja ikimezwa, mgonjwa wa nyumba namba 6 anatafutwa nyumba namba 9.

Sheria nitaipitia haraka, lakini msiiruke. Leseni inatolewa na TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ukiipata unapewa jina lako la hewani, ambalo kwetu huanza na 5H. Redio nyingi za DMR zinakuja na kitufe cha kuficha mazungumzo asisikie mwingine. Kwenye bendi zetu usikiguse. Kanuni za kimataifa zinataka maneno ya mtu wa ridhaa yawe wazi kwa yeyote mwenye redio. Ni kichekesho cha historia kwamba kifaa kilichowahi kubeba siri za vita kimeishia mikononi mwa watu wasioruhusiwa kuwa na siri. Na biashara hakuna. Kijana mmoja kule Tandahimba aliniuliza kama anaweza kuwatangazia wakulima bei ya korosho ya mnada kwa redio ya ridhaa. Hapana, mwanangu. Wazo zuri, mlango usio wake.

Nahodha pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Anauliza kama anunue DMR kwa ajili ya bahari.

Nahodha, usinunue. Chako ni VHF ya baharini, chaneli ya 16, megahezi 156.8. Meli ikikupita mbali inasikiliza hapo, na bandari inasikiliza hapo. Ni FM ya analogia dunia nzima, na ina sababu zake, hizohizo nilizozisema. Mtu wa dukani akikuambia dijitali inafika mbali zaidi baharini, mwombe akusindikize.

Umbali, wandugu, hauletwi na neno dijitali. Unaletwa na kimo. Vijana wa hesabu, chukueni kimo cha antena kwa mita, tafuteni kipeuo cha pili, zidisheni kwa 4.1, mtapata upeo wa redio kwa kilomita. Mtu amesimama ufukweni na redio ya mkononi, kimo mita 2: kilomita 5 na ushei. Antena kwenye mlingoti wa mita 9: kilomita 12. Sasa nendeni Newala, simameni Shimo la Mungu mtazame bonde la Ruvuma lilivyolala chini yenu. Antena iliyoinuka mita 600 juu ya inachokitazama, upeo wake ni kilomita 100. Uwanda wa Makonde ni mlingoti ambao Mungu ametujengea bure. Siku tutakayoweka ripita kule, yaani mtambo wa kupokea mawimbi na kuyarudisha kwa nguvu, nitaomba vitu vitatu: iendeshwe kwa sola na betri, ikubali FM na DMR zote mbili, na ifanye kazi hata kama waya wa intaneti umekatwa kwa panga. Ikitaka intaneti ya kuongea na Japani, iwe nayo. Ila ikiikosa, Newala iendelee kuongea na Masasi.

Bendi za redio hizi za mkononi na ripita zake, mita 2 kwenye megahezi 144 hadi 146 na sentimita 70 kwenye 430 hadi 440, hazitavuka kutoka hapa mpaka Dar. Kwa safari hiyo tunarudi kwenye mita 40. Antena ya waya iliyofungwa chini chini, kati ya minazi miwili, inarusha mawimbi karibu wima, yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi kama mvua, juu ya mito na madaraja yaliyovunjika. Hapo kuna sauti ya dijitali isiyohitaji intaneti hata kidogo, FreeDV, inayotumia ile kodeki ya Rowe. Unaunganisha kompyuta mpakato na redio ya kawaida ya masafa mafupi, programu ni ya bure. Moja ya namna zake inapita kwenye upana wa kiasi cha kilohezi 1, wakati sauti ya kawaida ya bendi hizo inahitaji karibu mara tatu ya hapo. Mawimbi yakiwa hafifu kuliko makelele yenyewe, bado unaweza kupata maneno. Haina maajabu: inachelewa kushikana, na ikipoteza inapoteza, Luku ileile. Lakini nikipewa kijana mmoja wa kumfundisha sauti ya dijitali, nitaanza naye hapo, kwa sababu hapo kila kilomita ataisafiri mwenyewe.

Wazee wa Lindi bado wanakisimulia kimbunga cha Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth alitupita pembeni akaenda kuipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na hapa Mtwara watu walishaanza kuhamia mahali salama. Kisha Hidaya. Wakati wa Kenneth mimi nilikuwa na redio tatu ndani ya nyumba, na hakuna hata moja iliyokuwa na betri iliyojaa. Nasema bila kuona haya kwa sababu najua humu ndani siko peke yangu.

Naona makofi yameanza. Nimeelewa. Basi tufanye kazi tuliyoijia.

Mwenzangu mwenye leseni yuko Mikindani, juu ya kilima nyuma ya Boma, ana redio ya wati 5 kama hii. Tutajaribu mara tatu. Kwanza FM, redio kwa redio. Kisha DMR, redio kwa redio, nguvu ileile, antena ileile, mmoja wenu aandike ubaoni alichokisikia neno kwa neno. Kisha tutajaribu kwa hotispoti. Hiyo ya tatu, wewe binti uliyekaa karibu na ukuta, nikikupa ishara chomoa ile ruta ya intaneti. Usiogope, nimeshaomba ruhusa ya mwenye ukumbi.

Nahodha, njoo mbele, wewe ndiye una masikio ya bahari. Milango ifungwe kidogo, upepo umezidi. Mikindani, Mikindani, hapa Shangani, unanipata?